Kiapo Walichokikataa

Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mnamo Oktoba 1952, Wakikuyu wa uamsho wa Kikristo walibanwa huku na huku. Mau Mau, kundi lililopigana na utawala wa kikoloni, iliwataka wale kiapo, mara nyingi kwa damu na nyama ya mbuzi. Wao wakajibu kwamba aliyekunywa damu ya Kristo hanywi nyingine. Wapo waliouawa kwa jibu hilo.

Husemwa kwamba walikuwa vibaraka wa mkoloni. Shutuma hiyo si ya kupuuzwa, maana wakoloni walipora ardhi kweli. Lakini wengi wao walikataa pia bunduki za serikali, hata maofisa wakawashuku, na kibaraka hakatai silaha ya bwana wake. Wengine watauliza: kwa nini wasiape kwa midomo tu, kisha Jumapili warudi kanisani? Wapo waliofanya hivyo, na si haki kuwacheka, panga likiwa shingoni. Waliokataa waliona kuwa kuapa ni kujitia chini ya bwana mwingine, hata moyo ukisitasita. Kanisa kuu la Murang'a lilijengwa kuwakumbuka waliouawa, na humo Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Tanganyika, alichora maisha ya Yesu katika mandhari ya Kikuyu.