Klabu ya Wachimba Makaa: Schalke 04 na Msimu wa 2021/22

Mei 4, 1904, vijana wachache wa mtaa wa Schalke, mjini Gelsenkirchen, magharibi mwa Ujerumani, walianzisha timu ya mpira na kuiita Westfalia Schalke. Hawakuwa na uwanja wa maana, wala chama cha soka kilichokuwa na haraka ya kuwapokea. Mtaa wao ulikuwa umejengwa juu ya makaa ya mawe, na baba zao walikuwa wakishuka ardhini kila siku kuyachimba. Familia nyingi zilihamia hapo kutoka mbali upande wa mashariki, kutoka Poland na Masuria, zikitafuta kazi. Klabu iliyotoka kwa watu hao sasa imetimiza zaidi ya miaka 120, na rangi zake za bluu na nyeupe zinapendwa kuliko za vilabu vingi vyenye makombe mengi zaidi.

Nyota wake wa kwanza walitoka humo humo machimboni. Ernst Kuzorra alifanya kazi katika mgodi wa Consolidation. Yeye na shemeji yake, Fritz Szepan, waliongoza kikosi kilichocheza pasi fupi fupi za kuzunguka mpaka mpinzani asijue mpira uko kwa nani. Schalke ilitwaa ubingwa wa Ujerumani mara sita kati ya 1934 na 1942. Mataji hayo hayawezi kusimuliwa bila kutaja zama zake. Paul Eichengrün, daktari wa meno aliyekuwa makamu mwenyekiti wa klabu, aliondolewa mwaka 1933 kwa sababu alikuwa Myahudi. Klabu inayojiita ya watu wote inawajibika kulitaja jina lake kila inapotaja mataji hayo.

Katika miaka hiyo ya mwanzo lipo tukio moja ninaloliona kubwa kuliko kombe lolote. Mwaka 1930 chama cha soka kiliifungia timu ya kwanza ya Schalke kwa kosa la kuwalipa wachezaji zaidi ya posho iliyoruhusiwa. Wachezaji wa ridhaa hawakutakiwa kulipwa, hata kama walikuwa wakitoka shimoni moja kwa moja kwenda mazoezini. Adhabu ilipoisha, mechi ya kwanza ilipangwa Juni 1, 1931, siku ya Jumatatu, dhidi ya Fortuna Düsseldorf. Inakadiriwa kuwa watu 70,000 walifurika katika uwanja wa Glückauf-Kampfbahn, wengine wakisimama hadi ukingoni mwa mistari. Timu ilikuwa imerudi kutoka kifungoni, haikuwa na kombe la kuonyesha. Hata hivyo mji wote ulikwenda kuipokea. Asiyejua habari ya siku hiyo atapata shida kuelewa yaliyotokea miaka tisini baadaye.

Ubingwa wa saba ulipatikana mwaka 1958, na mpaka leo ndio wa mwisho. Baadaye ikaja aibu ya Aprili 17, 1971: wachezaji wa Schalke walipokea fedha ili wafungwe na Arminia Bielefeld, wakafungwa bao 1-0 nyumbani kwao, kisha baadhi yao wakaapa uongo mahakamani. Katika miaka ya themanini timu ilishuka daraja mara tatu, mwaka 1981, 1983 na 1988, na mwaka 1989 nusura iangukie daraja la tatu. Furaha ilirudi mwaka 1997, kikosi cha Huub Stevens kilipoishinda Inter kwa mikwaju ya penalti mjini Milano na kutwaa Kombe la UEFA. Miongoni mwa mashujaa wa usiku ule alikuwa mchezaji wa upande wa kushoto, Mike Büskens. Msomaji aliweke jina hilo kichwani.

Kuanguka kwa mwaka 2021 kulianza zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2018 Schalke ilimaliza ya pili katika Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, na mwaka uliofuata ilicheza hatua ya mtoano ya Ligi ya Mabingwa, ilikochapwa 7-0 na Manchester City. Nje palionekana utajiri: uwanja wa viti na nafasi zaidi ya 62,000, mdhamini mkubwa wa Urusi, Gazprom, tangu mwaka 2007, na timu ya vijana iliyowalea Manuel Neuer, Mesut Özil na Leroy Sané. Ndani, mahesabu hayakukaa sawa. Joel Matip, Leon Goretzka na Max Meyer waliondoka mikataba yao ilipokwisha, bila klabu kuambulia hata senti. Mishahara ilipangwa kana kwamba kila mwaka timu ingecheza Ulaya. Korona ilipofunga milango ya viwanja mwaka 2020, hapakuwa na akiba. Mwisho wa mwaka huo madeni yalifika euro milioni 217.

Uongozi nao ulikuwa umepoteza heshima. Agosti 2019, mwenyekiti wa baraza la usimamizi, mfanyabiashara wa nyama Clemens Tönnies, alitoa hadharani maneno ya kuwadhalilisha Waafrika, akidai kwamba wakijengewa mitambo ya umeme wataacha kukata miti na kuzaa watoto gizani. Aliomba radhi, akakaa pembeni miezi mitatu, akarudi kitini. Gerald Asamoah, mzaliwa wa Ghana aliyeichezea Schalke kwa miaka mingi na kuwa mmoja wa watu wanaopendwa mno pale, alisema waziwazi kwamba maneno hayo yalimuumiza. Tönnies alijiuzulu Juni 2020. Kwangu mimi, miezi mitatu ilikuwa adhabu ndogo mno kwa klabu iliyojengwa na wahamiaji.

Msimu wa 2020/21 ulifunguliwa kwa kipigo cha mabao 8-0 kutoka kwa Bayern. Makocha watano walipita: David Wagner, Manuel Baum, Huub Stevens kwa siku chache, Christian Gross, na mwishowe Dimitrios Grammozis. Kuanzia Januari 2020 hadi Januari 2021 timu ilicheza mechi 30 za ligi bila kushinda hata moja, ikabaki mechi moja tu kuifikia rekodi mbaya ya Tasmania Berlin ya mwaka 1966. Mkosi huo uliondolewa na kijana wa Kimarekani, Matthew Hoppe, aliyefunga matatu peke yake dhidi ya Hoffenheim. Timu ilimaliza na pointi 16 na ushindi mara tatu.

Aprili 20, 2021, Schalke ilishuka rasmi. Ilifungwa 1-0. Na nani? Na Arminia Bielefeld, miaka hamsini na siku tatu baada ya mechi ile iliyouzwa. Basi la timu liliporudi Gelsenkirchen usiku, mamia ya mashabiki walikuwa wakilisubiri nje ya uwanja. Wachezaji walirushiwa mayai, wakatukanwa, baadhi wakafukuzwa na kupigwa mateke. Usiku ule ulikuwa aibu, na hakuna hasira inayoweza kuuhalalisha. Lakini ulionyesha pia jinsi kikosi na watu wake walivyokuwa wametengana. Mwaka mzima mechi zilichezwa mbele ya viti vitupu. Mashabiki waliiona timu yao ikifa kwenye televisheni, hawana hata nafasi ya kuizomea.

Kazi ya msimu wa 2021/22 ilianzia kwenye daftari la fedha. Mkurugenzi wa michezo, Rouven Schröder, alilazimika kuuza na kutoa kwa mkopo wachezaji wa mishahara mikubwa huku akisajili wengine zaidi ya kumi kwa fedha kidogo. Ko Itakura alitoka Manchester City kwa mkopo, na Rodrigo Zalazar alitoka Frankfurt, naye kwa mkopo. Danny Latza, mzaliwa wa Gelsenkirchen, alirudi nyumbani akapewa kitambaa cha unahodha. Klabu iliuza hata nafasi yake katika ligi ya Ulaya ya michezo ya kompyuta kwa euro milioni 26.5. Vijana wale waliokaa mbele ya skrini, ambao wazee wengi wa Schalke hawakuwahi kuwaelewa, ndio waliosaidia kulipa bili za timu ya mpira.

Usajili uliobeba msimu ulikuwa wa mtu wa miaka 33. Simon Terodde hakuwahi kung'ara Bundesliga, lakini katika daraja la pili hakuwa na mfano: alikuwa ameshakuwa mfungaji bora mara tatu, na alishapanda na Stuttgart na Köln. Julai 23, 2021, msimu ulipofunguliwa kwa mechi ya nyumbani dhidi ya Hamburg, timu aliyotoka, alifunga mapema kabisa. Schalke ikapoteza 3-1. Hivyo ndivyo miezi saba iliyofuata ilivyokwenda: Terodde akifunga, timu ikisuasua. Alivunja rekodi ya mabao ya daraja la pili iliyokuwa ikishikiliwa na Dieter Schatzschneider kwa mabao 153, na bado msimamo wa ligi haukumpa mtu usingizi. Leo ushindi, kesho kipigo kutoka kwa timu ambayo shabiki wa Schalke hakuwahi kuiwaza.

Februari 24, 2022, Urusi iliivamia Ukraine. Siku hiyo hiyo klabu ilitangaza kwamba jina la Gazprom linaondoka kifuani. Mechi iliyofuata, ugenini Karlsruhe, jezi iliandikwa "Schalke 04" tu. Siku chache baadaye mkataba ulivunjwa kabisa. Kwa klabu yenye madeni yale, hatua hiyo haikuwa ya bure, na inastahili sifa. Ila ni haki pia kuwakumbuka wanachama waliokuwa wakihoji udhamini huo tangu mwaka 2007, ambao kwa miaka mingi waliambiwa wanakorofisha.

Machi 5 Schalke ilifungwa 4-3 nyumbani na Hansa Rostock. Kesho yake Grammozis aliachishwa kazi. Zilibaki mechi tisa, timu ina pointi 41, na matumaini ya kupanda yalikuwa membamba. Kiti alipewa Mike Büskens, yule wa Milano, aliyekuwa kocha msaidizi. Asamoah naye alikuwa karibu na kikosi. Büskens hakuja na mfumo mpya wa kushangaza watu. Alijua ni mji gani anaufanyia kazi, na aliongea na wachezaji kama mtu aliyevaa jezi ile. Alishinda mechi nane kati ya tisa. Moja tu aliyopoteza, 4-1 nyumbani mbele ya Werder Bremen, ilitosha kuwarudishia watu hofu yote ya mwaka uliopita.

Mei 7, siku tatu baada ya klabu kutimiza miaka 118, St. Pauli walikuja Gelsenkirchen. Masharti ya korona yalikuwa yameondolewa, uwanja umejaa. Ushindi ungetosha kupanda. Dakika ya 17 wageni walikuwa mbele kwa mabao mawili, na kwa mtu aliyeifuata Schalke maisha yake yote, hali hiyo ilikuwa ya kawaida kabisa: karibu na mlango, kisha mlango unafungwa. Uwanja haukuzomea. Uliimba kwa sauti zaidi. Mara baada ya mapumziko Terodde alifunga kwa penalti, kisha akasawazisha, halafu Zalazar akafunga la tatu. Filimbi ya mwisho ilipolia, maelfu walimwagika uwanjani, na safari hii waliwabeba wachezaji mabegani. Wiki moja baadaye, ushindi wa 2-1 Nürnberg uliwapa ubingwa wa daraja la pili kwa pointi 65, na Terodde akafikisha mabao 30.

Schalke haikudumu juu. Klabu iliyorudi Bundesliga ilikuwa bado na deni kubwa na kikosi chepesi, na Mei 27, 2023, baada ya kufungwa 4-2 Leipzig siku ya mwisho ya ligi, ikashuka tena kwa pointi 31. Maelfu ya mashabiki walikuwa wamesafiri nayo. Wachezaji waliposogea kwenye jukwaa lao vichwa chini, walipigiwa makofi na kuimbiwa.