Shule ya kijiji na mfuko usio wake

Katika vijiji vingi vya Tanzania Bara, shule ya msingi ndiyo mali ya umma inayoonekana kuliko nyingine yoyote. Tofali zilifyatuliwa na wanakijiji, mchanga na maji vikasombwa na wanakijiji, na si ajabu kukuta pembeni boma lililofika kwenye lenta, likingoja serikali ilete bati. Lakini kijiji hicho hakina kauli kuhusu mwalimu wa ziada, wala hakipangi ruzuku ya mwaka itumikeje. Mwalimu huajiriwa na kulipwa na serikali kuu, ruzuku hupangwa kwa miongozo ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na usimamizi wa kila siku hupita kwa mkurugenzi wa halmashauri, afisa elimu wa wilaya na afisa elimu kata hadi kumfikia mwalimu mkuu. Wengi huona hali hii kuwa matokeo ya umaskini tu: kijiji hakina fedha, basi mwenye fedha ndiye anayeamua. Historia inasema zaidi ya hapo. Kila ada ilipofutwa au kurudishwa, mjadala ulihusu kiasi, na swali la nani ashike mfuko likaachwa kama lilivyokuwa.

Mzizi wake uko katika utawala wa Waingereza. Mwaka 1925, Gavana Donald Cameron akiwa ameanza kazi, mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam uliandaa njia ya ushirikiano na misheni, na sheria ya 1927 ikaupa msingi: shule iliyotimiza masharti ya serikali ilistahili ruzuku, isiyotimiza ilijitegemea. Shule nyingi za katekista huko vijijini ziliangukia kundi la pili. Wakati huohuo utawala wa kupitia machifu, uliopata sheria yake mwaka 1926, uliunda hazina za wenyeji zilizopata sehemu ya kodi, na baadhi ya hazina hizo zikaendesha shule. Hapo Mwafrika aliona kodi yake ikirudi kwa sura ya darasa, ingawa aliyeamua alikuwa chifu chini ya jicho la mkuu wa wilaya. Pengo la maeneo nalo lilianza mapema. Kilimanjaro na Bukoba, kahawa ilijenga shule na kulipa ada. Sehemu za kati na kusini, zisizo na zao la kuuzwa kwa bei nzuri, zilibaki nyuma. Pengo hili ni la kukumbukwa na kila anayedhani kwamba dawa ni kukiachia kijiji kila kitu.

Baada ya Uhuru, shule za msingi ziliwekwa chini ya halmashauri za wilaya, ambazo zilikuwa na madiwani wa kuchaguliwa na kodi zao wenyewe. Kwa maandishi huu ulikuwa mpango bora kuliko wote uliopata kuwepo: anayetoza ndiye anayetumia, na mlipaji anaweza kumng'oa kwa kura. Ukashindwa, na sababu ilikuwa elimu yenyewe. Wananchi walijenga madarasa kwa kujitolea kwa kasi ambayo halmashauri hazikuweza kuifuata kwa mishahara ya walimu, kwa sababu darasa hujengwa mara moja ilhali mwalimu hulipwa kila mwezi. Mwaka 1969 serikali ikafuta kodi ya kichwa ya halmashauri, mwaka uliofuata ushuru wa mazao, na mwaka 1972 halmashauri zenyewe zikaondolewa. Mpango ulioleta hayo uliitwa Madaraka Mikoani. Madaraka yalienda mikoani kweli, ila yalibebwa na maofisa wa serikali kuu; waliochaguliwa na wananchi walibaki na nafasi ya kushauri.

Ni katika mazingira hayo ilipokuja kampeni kubwa kuliko zote katika historia ya elimu nchini, ya elimu ya msingi kwa wote, iliyojulikana kwa kifupi cha Kiingereza UPE. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 1973, na Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala, ilipokutana Musoma iliazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule awe darasani, ilhali lengo la awali lilikuwa 1989. Idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 1.2 mwaka 1974 hadi karibu milioni 2.9 mwaka 1978. Nchi maskini ilifanya kwa miaka minne jambo ambalo mataifa tajiri yalichukua vizazi kulifanya. Sehemu kubwa ya gharama haikuwahi kuonekana katika bajeti yoyote, kwa sababu ililipwa kwa nguvu za wanavijiji waliojenga na vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini huku wakishika chaki. Walimu hao wa UPE wamedhihakiwa kwa miaka mingi, na dhihaka hiyo naiona si ya haki, kwani bila wao madarasa yale yangekuwa maghala. Hata hivyo kamati ya shule ya wakati ule ilipokea maagizo zaidi ya ilivyotoa maamuzi. Ada ilipofutwa, hakuna chombo cha kijiji kilichopewa fedha mbadala ya kupangia. Watu walibaki na wajibu wa kujenga, na viongozi wakaanza kupimwa kwa idadi ya majengo.

Uchumi ulipodorora mwishoni mwa miaka ya 1970, jengo lilikuwepo bila kitabu wala dawati. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za 1982 na kuanza kazi mwaka 1984, lakini zilirudi na mifuko mitupu. Katikati ya muongo huo ukaja mchango wa UPE, ambao kabla ya kufutwa mwaka 2001 ulikuwa umefika shilingi 2,000 kwa mwaka, mbali na michango ya mlinzi, mitihani na madawati. Walimu wakawa wakusanya ushuru, na mtoto wa asiyelipa akarudishwa nyumbani. Kufikia mwaka 2000 watoto wa rika la shule ya msingi waliokuwa darasani hawakufika 60 katika kila 100. Lililo muhimu kwa hoja yangu ni kwamba hata mzazi aliyelipa hakupata kauli. Ada haikununua madaraka, kama ambavyo kufutwa kwake hakukuyaleta.

Kipindi kimoja tu kilikaribia kuvunja mazoea hayo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002, uliambatana na kufutwa kwa ada na kuahidi ruzuku ya dola 10, yaani takriban shilingi 10,000, kwa kila mwanafunzi, pamoja na fedha za ujenzi wa madarasa na nyumba za walimu. Wanafunzi wakaongezeka kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Jipya zaidi lilikuwa utaratibu wake. Kamati ya shule, yenye wawakilishi wa wazazi na mwalimu mkuu akiwa katibu, ilitakiwa kufungua akaunti benki, kuandaa mpango wa shule na kusimamia ujenzi kwa mafundi wa pale kijijini. Kwa mara ya kwanza mwenyekiti wa kamati aliweza kusoma mbele ya mkutano wa kijiji fedha iliyoingia, saruji iliyonunuliwa na malipo ya fundi. Upungufu ulikuwepo. Kamati nyingine zilikuwa dhaifu, mwalimu mkuu akiwa ndiye anayeelewa hesabu peke yake; na tafiti za kufuatilia matumizi ya umma zilikuta mara kwa mara kwamba ruzuku iliyofika shuleni ilikuwa pungufu sana ya shilingi 10,000. Fedha ilipungulia njiani, baina ya Hazina na wilaya na shule, na kamati haikuwa na njia yoyote ya kuidai.

Serikali ilijibu tatizo hilo la njiani kwa kufupisha njia. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa michango ya lazima kuanzia Januari 2016, na ruzuku ikaanza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Hatua hii ilistahili sifa. Tatizo ni kwamba kiwango kilibaki kilekile cha shilingi 10,000, ambazo mwaka 2002 zilikaribia dola 10 na mwaka 2016 hazikufika dola 5. Na kati yake shilingi 4,000 zilizuiwa juu kwa ajili ya vitabu, shule ikabaki na 6,000. Tupige hesabu: shule ya wanafunzi 400 ilipata shilingi milioni 2.4 kwa mwaka, yaani 200,000 kwa mwezi, kiasi kilekile cha posho ya madaraka ambayo serikali ilianza kumlipa kila mwalimu mkuu mwaka huohuo. Posho hiyo ni haki yake. Lakini shule nzima kuendeshwa kwa fedha inayolingana nayo, tena kwa mafungu ya matumizi yaliyokwisha kupangwa, kunaiachia kamati mambo machache mno ya kujadili. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango shuleni na kuelekeza kwamba mwenye kutaka kuchangia kwa hiari apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Nia ilikuwa kumlinda mzazi maskini, na mtu yeyote aliyeona mtoto akifukuzwa kwa kukosa mchango ataielewa. Athari yake ni kwamba hata fedha iliyotoka kijijini kwa hiari ililazimika kwenda wilayani kwanza.

Atatokea wa kusema kwamba basi tukipe kijiji kodi yake, kiendeshe shule yake. Marekani wamejaribu hilo kwa muda mrefu. Huko eneo la shule huchagua bodi yake na kwa kawaida hutoza kodi ya majengo na ardhi, na miaka ya mwanzo ya 1930 kulikuwa na maeneo kama hayo zaidi ya 120,000, mengi yakiwa ya mashambani yenye shule ya chumba kimoja. Leo yamebaki takriban 13,000 baada ya madogo kuunganishwa kwa kukosa uwezo. Bodi ile ina kauli ya kweli. Lakini katika kesi ya Rodriguez iliyotoka San Antonio, Texas, na kuamuliwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 1973, ilionekana wazi kwamba wakazi wa eneo maskini la Edgewood walijitoza kodi ya kiwango kikubwa kuliko majirani zao matajiri wa Alamo Heights na bado wakapata fedha kidogo sana kwa kila mtoto. Walalamikaji walishindwa kwa kura 5 kwa 4. Sisi tulikwisha kuona jambo hilohilo kwa kahawa ya Kilimanjaro. Kodi ya kijiji ingezidisha pengo, hivyo fedha ni lazima iendelee kutoka taifani.

Pingamizi zito zaidi ni la uaminifu: wanakijiji wasiosoma hesabu watawezaje kulinda mamilioni? Kwanza, upotevu uliothibitishwa zaidi wakati wa MMEM ulitokea juu ya ngazi ya shule, mikononi mwa waliosoma. Pili, serikali yenyewe imeshajibu kwa vitendo. Madarasa 15,000 yaliyojengwa mwaka 2021 na 2022 kwa fedha za UVIKO-19, 3,000 yakiwa katika shule shikizi, yaani matawi ya shule mama, za vijijini, yalijengwa kwa kiasi kikubwa kwa mtindo wa mafundi wa hapohapo na kamati za kupokea na kukagua vifaa. Kamati inayoaminiwa kuhesabu mifuko ya saruji inatosha kuaminiwa kuamua kama ruzuku ya mwaka iende kwenye madawati au kwenye choo cha wasichana, na kupewa barua inayosema kiasi kilichotumwa na tarehe kilipotumwa. Kwa upande wa serikali kuu, kazi iliyobaki ni kupandisha kiwango kilichowekwa mwaka 2002, na kukitungia kanuni ya kupanda pamoja na bei ya chaki na saruji.