Shule ya machifu iliyoishia kufundisha makatibu wa afya

Kijana wa Tanzania anayetaka kuwa daktari anajua pa kuelekea: Muhimbili, Bugando au KCMC. Anayetaka kujifunza kuiendesha hospitali yenyewe, yaani bajeti yake, watumishi wake, dawa zake na magari yake, mara nyingi huishia kwingine kabisa: Mzumbe, chini ya milima ya Uluguru, kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa. Pale hakuna hospitali ya kufundishia wala wodi za kuzungukia asubuhi. Idara ya usimamizi wa mifumo ya afya imo ndani ya skuli ya utawala wa umma, na wanafunzi wake hupishana ukumbini na wale wanaosomea serikali za mitaa na rasilimali watu.

Mpangilio huo haukutokea hivihivi. Una historia ndefu, na historia hiyo inaeleza ni nani aliyekuwa akiamua mtoto wa Rufiji apate dawa gani, na kwa nini kwa miaka mingi uamuzi huo ulifanywa gizani.

Mzumbe ilianza mwaka 1953. Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilifungua pale shule ya serikali za mitaa kwa ajili ya machifu, watumishi wa mamlaka za wenyeji, madiwani na makarani wa mahakama. Kilichofundishwa kilikuwa kazi ya baraza: kumbukumbu, fedha, mashauri. Masuala ya hospitali yalikuwa ya mganga wa serikali, na mganga huyo kwa kawaida alikuwa Mzungu.

Huko Marekani mambo yalikuwa yameshika njia nyingine. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 hospitali ziliongozwa na yeyote aliyeaminika: muuguzi mwandamizi, mtawa, mchungaji, mwanajeshi mstaafu, au daktari aliyechoka na wodi. Chuo cha Marquette, mjini Milwaukee, kilijaribu katika miaka ya 1920 kuifanya kazi hiyo kuwa somo la chuo kikuu, lakini jaribio halikudumu. Lililodumu ni la Chuo Kikuu cha Chicago, lililoanza mwaka 1934. Mwanzilishi wake, Michael M. Davis, hakuwa daktari. Alikuwa mwanasosholojia aliyeiongoza zahanati kongwe ya maskini mjini Boston kwa miaka kumi, na mwaka 1929 alichapisha kitabu kilichotetea hoja moja: kuongoza hospitali ni taaluma ya kusomewa, kama ilivyo sheria au uhandisi.

Programu ya Davis iliwekwa katika skuli ya biashara, na sababu yake inaeleweka. Hospitali ya Marekani, hata ile ya kanisa, iliishi kwa ada za wagonjwa na michango ya wafadhili. Katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, vitanda vilibaki vitupu kwa sababu wagonjwa hawakuwa na cha kulipa, na bodi zikaanza kuuliza nani anajua kusoma mizania. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Taasisi ya Kellogg ilitoa fedha kwa vyuo vingine vifuate mfano huo, na mwaka 1948 vyuo hivyo vikaunda umoja wao. Mwanafunzi alisoma darasani, kisha akakaa hospitalini chini ya mkurugenzi mzoefu akijifunza kazi kwa kuifanya. Pembeni ya yote haya kulikuwa na mkondo wa pili, wa utawala wa umma, ambao Chuo Kikuu cha Syracuse kilikuwa kimeuanzishia skuli yake mwaka 1924. Mikondo hiyo miwili ilikaa muda mrefu bila kukutana: mmoja ulihusu taasisi inayojilipia, mwingine ulihusu serikali.

Afrika Mashariki ilirithi mkondo wa pili. Kenya ilikuwa na chuo chake cha utawala Kabete tangu 1961, ambacho leo ni Skuli ya Serikali ya Kenya. Tanganyika ilikuwa na Mzumbe, pamoja na taasisi ya utawala wa umma Dar es Salaam. Kwa upande wa tiba hali ilikuwa ngumu. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba wakati wa Uhuru nchi ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Katika uhaba huo, nani angethubutu kusema daktari asiongoze hospitali? Daktari aliyekuwapo ndiye aliyepasua, ndiye aliyetia saini hati za malipo, ndiye aliyeamua ugomvi wa wapishi, ndiye aliyetafuta tairi la gari la wagonjwa. Mwaka 1964 Profesa Richard Titmuss wa London na wenzake walichapisha taarifa yao kuhusu huduma za afya za Tanganyika, ikitazama nchi nzima kama mfumo mmoja wenye hospitali, vituo na zahanati. Kuchora mfumo kulikuwa hatua. Kuwapata watu wa kuuendesha kulikuwa kazi nyingine.

Hatua iliyofuata ilitoka kwenye siasa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali iliamua kupeleka huduma vijijini, na mwaka 1972 ikaja sera ya Madaraka Mikoani. Halmashauri za zamani zilivunjwa, na maofisa wa wizara wakapelekwa mikoani na wilayani kupanga maendeleo huko huko. Maofisa hao walihitaji mafunzo, na mwaka huo huo shule ya Mzumbe iliunganishwa na taasisi ya utawala wa umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikazaliwa IDM, Chuo cha Uongozi wa Maendeleo. Wastaafu wengi wa serikali bado wanakiita kwa jina hilo.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali la kwa nini usimamizi wa afya unafundishwa Mzumbe. Zahanati na vituo vya afya vilivyoenea miaka ya 1970 havikuwa taasisi zinazojitegemea. Vilikuwa mali ya wilaya, na baada ya sheria ya 1977 kupiga marufuku hospitali za kibiashara, serikali ilibaki na mashirika ya dini kama watoaji wakuu wa huduma. Aliyesimamia afya hakuwa na mteja wa kumvutia wala faida ya kuhesabu. Alikuwa na fungu la serikali, ikama ya watumishi, kanuni za manunuzi na kikao cha wilaya. Alichopaswa kujua ni kuandika dokezo sabili, kurejesha masurufu kwa wakati, kutetea bajeti mbele ya watu wanaotaka barabara badala ya zahanati. Elimu hiyo haikuwa Muhimbili. Ilikuwa Mzumbe.

Kwa madaktari, njia ya kupata shahada ya uzamili ya usimamizi iliendelea kupita Ulaya: Leeds, Antwerp, Amsterdam, Heidelberg. Wengi walikwenda wakiwa waganga wakuu wa wilaya na wakarudi na maneno mapya ya kupanga na kutathmini. Lakini elimu hiyo haikuwa ya Ulaya tupu. Sehemu yake ilipikwa Kasongo, katika Maniema ya Kongo, mji ambao Kiswahili kimekuwa lugha yake tangu enzi za misafara. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Antwerp na wenzao Wakongo walijaribu pale mfumo wa wilaya moja: vituo vya afya vidogo vinavyomjua kila mgonjwa kwa faili lake, na hospitali ya rufaa inayopokea waliotumwa na vituo hivyo. Mafunzo ya Kasongo yalichapishwa na kufundishwa Antwerp kwa vizazi vya wanafunzi wa Kiafrika. Kongo yenyewe, wakati huo Zaire, ilijigawa katika kanda za afya, na mwaka 1984 ikafungua Skuli ya Afya ya Umma Kinshasa kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Tulane cha Marekani. Naona si haki kwamba jina la Kasongo halitajwi tunapozungumzia asili ya fani hii. Wilaya kama ngazi ya kupangia afya, wazo ambalo mkutano wa Harare wa 1987 uliliunga mkono, lilikuwa limeshafanyiwa kazi katika mji wa Waswahili.

Kisha ikaja miaka ya 1990, na mambo yakabadilika kwa kishindo. Tanzania iliruhusu tena hospitali binafsi mwaka 1991. Mwaka 1993 wagonjwa walianza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Bohari ya Dawa iliundwa. Benki ya Dunia ilitoa taarifa yake ya 1993 kuhusu uwekezaji katika afya, ikidai kwamba hata nchi maskini zinaweza kuokoa maisha mengi kwa fedha kidogo zikipangwa vizuri. Wengi walitilia shaka. Wizara ya Afya ya Tanzania na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, waliamua kulijaribu dai hilo katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini, zenye watu takribani 700,000 kwa pamoja. Mradi huo ulijulikana kama TEHIP.

Walianza na jambo ambalo wilaya hazikuwa na mazoea ya kulifanya: kulinganisha kinachoua watu na kinachokula bajeti. Rufiji, wadodosaji wenye kituo chao Ikwiriri walizunguka nyumba kwa nyumba, mara tatu kwa mwaka, wakiandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa, na kuwahoji wafiwa kuhusu dalili za mwisho za marehemu. Takwimu hizo ziligeuzwa michoro rahisi ambayo timu ya afya ya wilaya ingeweza kuisoma mezani. Na mchoro wa Morogoro wa 1996 ulikuwa wa kusikitisha. Malaria ilibeba asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, nayo ilipewa asilimia 5 ya bajeti. Kifua kikuu kilibeba chini ya asilimia 4, nacho kilipewa asilimia 22.

Hapakuwa na mwizi katika hesabu hiyo. Hilo ndilo linaloniumiza kila ninapoisoma. Watu waaminifu, waliofanya kazi usiku na mchana, walikuwa wakigawa fedha kama zilivyogawiwa mwaka uliopita, na mwaka uliopita ziligawiwa kama wafadhili walivyotaka. Ugonjwa uliokuwa na mradi ulipata fedha. Ugonjwa uliokuwa na makaburi tu ulisubiri.

Wilaya zilipewa nyongeza, na hapo likaonekana jambo la pili. Zilikuwa zimeahidiwa hadi dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka, lakini uwezo wao wa kutumia uliishia karibu senti 80. Fedha zilikuwepo, ila mikono ya kuziendesha haikutosha. Kwa hiyo mradi ukawekeza kwa wasimamizi: namna ya kupanga, namna ya kufuatilia matumizi, namna ya kusimamia. Vituo vya afya vyenye uwezo vilipewa jukumu la kuzisimamia zahanati za jirani, vikapewa usafiri na redio za mawasiliano, ili mganga wa zahanati ya mbali asilazimike kufunga mlango siku mbili kufuata kitu bomani. Fedha zaidi zilielekezwa kwenye malaria na magonjwa ya watoto. Katika muda wa miaka mitano hivi, vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Si busara kuupa mradi mmoja sifa yote, maana vyandarua na huduma nyingine navyo vilikuwa vikienea. Lakini baada ya Rufiji ilikuwa vigumu kusema tena kwamba usimamizi ni kazi ya makaratasi inayoweza kusubiri tiba.

Mzumbe ikawa chuo kikuu kamili kwa sheria ya 2001, wakati huo huo halmashauri, zilizokuwa zimerudishwa, zikitakiwa kuwa na timu zao za uendeshaji wa huduma za afya na mpango kabambe wa afya wa kila mwaka. Timu hiyo ina mtu ambaye wananchi wengi hawamjui: Katibu wa Afya. Mganga Mkuu anajulikana, Muuguzi Mkuu anajulikana. Katibu ndiye anayekaa na masijala, likizo na upandishaji vyeo wa watumishi, daftari la gari, madai ya posho ya on-call yaliyolala miezi mitatu, na hati ya kiwanja cha zahanati ambacho jirani anadai ni shamba la babu yake. Kazi yake ikiharibika, mgonjwa hatasema kwamba utawala umeharibika. Atasema muuguzi hakuwepo. Kada hii ndiyo inayojaza madarasa ya Mzumbe na Kituo cha Maendeleo ya Elimu ya Afya Arusha, na ndiyo inayotafuta shahada ya uzamili ili ipande, kwa kuwa kiti cha juu bado ni cha daktari.

Kenya nayo inaujua vizuri uhitaji wa wasimamizi wa afya. Mwaka 2013, chini ya Katiba ya 2010, hospitali za wilaya zilihamia kwa kaunti 47 kwa mkupuo. Viongozi wapya walikuta wauguzi, majengo na madeni, na wakatafuta watu wa kuvipanga. Vyuo viliitikia: Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, chenye makao Meru, kinafundisha usimamizi wa mifumo ya afya, na Strathmore ya Nairobi ina shahada ya uzamili ya biashara inayohusu huduma za afya. Hapo mikondo miwili ya zamani, ule wa Chicago na ule wa boma, imekutana katika nchi moja. Anayesoma Strathmore leo anaweza kesho kuwa hospitali binafsi ya Nairobi, keshokutwa katika ofisi ya kaunti. Uganda nako Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda, Nkozi, kimelihudumia kwa muda mrefu soko la hospitali za kanisa.

Swali la nani afundishwe kuendesha huduma za afya sasa limeshuka ngazi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, Tanzania hupeleka fedha za mfuko wa pamoja wa afya moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati na vituo, bila kupitia wilayani. Kenya ilipitisha mwaka 2023 sheria inayoviruhusu vituo vya umma kubaki na mapato yao na kuyatumia. Mganga mfawidhi wa zahanati, ambaye mara nyingi ni tabibu mwenye stashahada na muuguzi mmoja pembeni yake, sasa ana akaunti ya benki, kamati ya kijiji ya kumhoji, mfumo wa kompyuta wa kuingizia matumizi, na mkaguzi wa hesabu njiani. Shahada za uzamili zilitungwa kwa ajili ya mkuu wake aliyeko wilayani. Yeye mwenyewe kwa kawaida hupewa semina ya siku chache, mwongozo uliochapishwa, na namba ya simu ya mhasibu wa halmashauri.