Mto unaopita juu ya treni

Niko Stanmore, mwisho wa reli ya Jubilee. Leo historia kidogo.

Ukipanda treni hapa Stanmore, ukabadilisha Westminster, kituo cha tatu ni Sloane Square. Ukifika inua macho: juu ya reli limekatiza bomba kubwa la chuma. Abiria wengi wanapita chini yake bila kujua kuwa ndani mna mto! Unaitwa Westbourne, unatoka Hampstead kwenda Thames. Mwaka 1730 uliwekewa bwawa likawa ziwa la Hyde Park, na baadaye jiji lilipopanuka ukageuzwa mfereji wa maji machafu.

Miaka ya 1860 mhandisi John Fowler akawa anapitisha reli pale. Treni zilikuwa za moshi, kwa hiyo reli haikuweza kuzama chini sana. Na mto nao ulikuwa njiani. Nani ampishe mwenzake?

Hapa ndipo penye utamu. Maji machafu hayasukumwi, yanakwenda kwa mteremko wake tu. Ukiyapitisha chini ya reli, itabidi yapande tena ng'ambo, na tope litatuama. Basi mto ukaachwa kwenye kimo chake, ukatiwa ndani ya bomba, na bomba likaning'inizwa kwenye mihimili ya chuma. Kituo kikafunguliwa Desemba 1868. Novemba 1940 bomu la Wajerumani lilikibomoa na kuua watu wengi, bomba likasalimika.

Ugomvi huohuo upo katika kila ghorofa, hata hayo yanayoota Kariakoo. Bomba la choo likipewa mteremko wa 1 kwa 40, katika mita 10 linashuka sentimita 25, na hapo ndipo linapokutana na mhimili. Nyaya za umeme zinakunjwa, bomba la maji safi linapinda litakavyo, lakini la choo halina pa kukimbilia. Kwa hiyo lichorwe kwanza! Likikosa njia, mhandisi anaacha tundu katikati ya kimo cha mhimili, siyo kwenye bapa la juu wala la chini, maana hayo ndiyo yanayobeba mkunjo. Siku hizi kompyuta inaonyesha mgongano kabla chuma hakijakatwa. Fowler alikuwa na karatasi tu.

Mkija huku nitawapeleka mkalione.