Kamati ya kumtafuta Makamu Mkuu wa Chuo: mwakilishi wa wanafunzi anachaguliwaje?

Makamu Mkuu wa Chuo ndiye bosi wa kila siku wa chuo kikuu. Hosteli, ratiba ya mitihani, vituo vya mikoani, mambo mengi hupita mezani kwake. Mwanafunzi anaweza kuanza na kumaliza shahada yake yote chini ya kiongozi huyo mmoja.

Ndiyo maana nafasi hiyo ikibaki wazi, swali la nani anakaa kwenye kamati ya kumtafuta mrithi linamhusu mwanafunzi wa Dar es Salaam, na linamhusu vilevile mwalimu wa Kibondo anayesoma shahada akiwa nyumbani.

Huu hapa ni mwongozo mfupi.

Mkuu au Makamu Mkuu?

Majina haya huchanganya. Kwenye Chuo cha Ualimu Kasulu, mkuu wa chuo ndiye mtendaji. Kwenye chuo kikuu cha umma si hivyo. Mkuu wa Chuo ni cheo cha heshima zaidi, yeye ndiye anayeonekana kwenye mahafali akitunuku shahada. Jakaya Kikwete, kwa mfano, anashika cheo hicho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) tangu 2016.

Anayeendesha chuo ni Makamu Mkuu. Juu yake lipo Baraza la Chuo, na mambo ya taaluma yako chini ya Seneti.

Kamati inafanya nini?

Kamati ya kutafuta haiteui mtu. Kazi yake ni kuchuja. Inapanga sifa zinazotakiwa, inapokea maombi, inasoma wasifu, inasaili, kisha inapeleka majina machache juu. Uamuzi wa mwisho ni wa mamlaka ya uteuzi. Desemba 2017, kwa mfano, Profesa William Anangisye wa UDSM aliteuliwa na Rais John Magufuli.

Lakini usiidharau hatua ya kuchuja. Jina lililokatwa kwenye kamati halifiki mezani kwa mteuzi.

Nafasi ya mwanafunzi imeandikwa wapi?

Tanzania, vyuo vikuu vinaongozwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005, iliyounda pia Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Chini ya sheria hiyo, kila chuo kina Hati Idhini yake na kanuni zake. Hapo ndipo pa kuanzia: soma Hati Idhini ya chuo chako, angalia kipengele cha uteuzi wa Makamu Mkuu, kisha angalia katiba ya serikali ya wanafunzi.

Nchi nyingine zimefanya hivi:

• Uganda: Sheria inaweka kamati ya watu watano, wawili kutoka Baraza na watatu kutoka Seneti. Wanafunzi wana viti kwenye Baraza, lakini kwenye kamati yenyewe hawakutengewa kiti chao.

• Afrika Kusini: Sheria Na. 101 ya 1997 inataka kila chuo kikuu cha umma kiwe na jukwaa la taasisi lenye wanafunzi ndani yake. Jukwaa hilo linalishauri Baraza kuhusu kuwapata viongozi wa juu.

Kwa nini suala hili lina historia

UDSM ilipoanza kujitegemea Julai 1, 1970, Mwalimu Julius Nyerere alikuwa Mkuu wa Chuo na Pius Msekwa akawa Makamu Mkuu wa kwanza. Msekwa alitokea kwenye uongozi wa TANU, si kwenye uprofesa.

Mwaka mmoja baadaye, Julai 1971, rais wa serikali ya wanafunzi (DUSO), Symonds Akivaga kutoka Kenya, alifukuzwa baada ya kuushambulia utawala wa chuo kwa barua ya wazi. Wanafunzi waligomea masomo. Kiini cha mgogoro kilikuwa kilekile kinachozungumzwa leo: wanafunzi wana sauti kiasi gani kwenye uongozi wa chuo chao?

Hatua za kumchagua mwakilishi

1. Tangazo. Litaje nafasi, sifa, tarehe na nani anasimamia. Tangazo la siku mbili linawafaa waliopo kampasi tu.

2. Sifa. Asiwe na kesi ya nidhamu, asiwe karibu kudisko, na asiwe mwaka wa mwisho anayeondoka kabla kazi haijaisha.

3. Njia ya kura. Kuna kura ya wanafunzi wote, na kuna kura ya bunge la wanafunzi. Ya kwanza ina uzito zaidi, ya pili ina haraka. Rais wa wanafunzi kumteua rafiki yake si uchaguzi.

4. Kura ya siri na hesabu ya wazi. Matokeo yabandikwe yakiwa na idadi ya kura, si jina la mshindi tu.

5. Barua rasmi. Jina liende kwa katibu wa Baraza kwa maandishi. Bila barua, mshindi anaweza kukuta kikao kimeshaanza bila yeye.

Mtego wa siri

Hapa ndipo wawakilishi wengi hukwama. Vikao vya kamati huwa vya siri, kwa sababu waombaji wana kazi zao na majina yakivuja wanaumia. Huku nje, waliompigia kura wanataka habari kwenye kundi la WhatsApp usiku huohuo.

Akivujisha, anaweza kuondolewa, na wanafunzi wanabaki bila mtu. Akikaa kimya kabisa, wataona amenunuliwa.

Njia ya katikati ni kukusanya maoni *kabla* ya vikao. Wanafunzi waseme wanataka kiongozi wa aina gani, yeye ayapeleke kwa maandishi. Baada ya hapo anaweza kueleza hatua zilizofikiwa na kama maoni yaliwasilishwa. Majina na maksi za usaili abaki nazo mwenyewe.

Wa Kasulu na Kibondo wanapigaje kura?

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania (OUT), kilichoundwa kwa Sheria Na. 17 ya 1992, kina kituo cha mkoa Kigoma. Mwanafunzi wa Kasulu yuko karibu kilomita 100 kutoka Kigoma mjini. Wa Kibondo yuko zaidi ya kilomita 200. Kama sanduku la kura liko mjini peke yake, nauli na siku ya kazi vinamtoa mtu kwenye uchaguzi kabla hajapiga kura.

Na hili litaongezeka. Muhimbili (MUHAS) nayo inaanzisha kampasi Kigoma kupitia mradi wa HEET, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Wanafunzi wa kampasi ya pembeni na wa makao makuu hawana shida zilezile.

Mambo matatu ya kudai mapema:

• Kura ya mtandaoni inayofunguka kwenye simu ya kawaida, isiyokula bando, na inayobaki wazi siku kadhaa. Umeme na mtandao vikikata leo, kesho ipo.

• Kituo cha kura kwenye kila kituo cha mitihani.

• Kampeni ya maandishi mafupi. Video ndefu haifiki kwa kila mtu.

Muulize mgombea maswali haya

• Utakusanyaje maoni ya walio mbali na kampasi?

• Ukitofautiana na maprofesa ndani ya kikao, utafanya nini?

• Ukiahidiwa kitu na mwombaji, utamwambia nani?

• Ratiba ya vikao ikigongana na mitihani yako, utachagua nini?

Swali la mwisho linaonekana dogo, lakini mwakilishi asiyehudhuria hana faida kwa aliyemchagua. Kwenye meza yenye maprofesa na wajumbe wa Baraza, mwanafunzi huwa na kura moja tu. Akikosekana siku ya kupunguza majina, hata hiyo moja haipo.