Kitabu cha Kuuonya Moyo

Leo tutasoma habari za kitabu cha zamani.

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtu wa Pate, alitunga utenzi uitwao Al-Inkishafi. Aliuonya moyo wake: tazama majumba ya matajiri wa Pate, yamekuwa magofu. Watu waliunakili kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu. Lakini karatasi ikiliwa na mchwa, maneno hupotea.

Mwaka 1939 William Hichens aliuchapisha London, pia kwa herufi hizi mnazojifunza. Nakala za chapa ile sasa ni adimu. Majumba yameanguka, maneno yangalipo.

Basi ukikuta kitabu kikuukuu nyumbani, usichane kurasa zake kusokotea tumbaku. Kisome, kisha ukitunze.