Nduthi Zimepata Akili, Lakini Zetu Bado

Kila nikiposti kitu ya nduthi, lazima mtu aseme: siku hizi hakuna rider, kompyuta ndiyo inaendesha. Ati hizi ABS zimelea watu wavivu. Sawa wasee, wacha turudi nyuma kidogo.

Mwaka wa 1988, BMW ya Ujerumani ilitoa K100 yenye ABS ya kielektroniki, pikipiki ya kwanza ya kuuzwa dukani ikiwa na hiyo kitu. Mtambo peke yake ulikuwa karibu kilo 11. Kazi yake? Sensa inasoma kasi ya gurudumu. Gurudumu likitaka kujam, kompyuta inalegeza breki halafu inashika tena, mara kadhaa kwa sekunde moja. Hakuna mkono wa binadamu unaweza hiyo. Mwaka wa 1992 Honda ST1100 ikapata mfumo wa kuzuia tairi ya nyuma kuteleza ukifungulia mafuta. Kufikia 2014, KTM 1190 Adventure ilikuwa na ABS inayojua hadi vile nduthi imelala kwa kona.

Je, ujuzi ulikufa? Hapana, ulihama. Kwa murram laini ABS inaweza kufanya usimame mbali zaidi, juu tairi iliyojam hukusanya mchanga mbele yake na huo mchanga unasaidia kukusimamisha. Ndiyo maana nduthi kubwa za safari huwa na swichi ya kuzima ABS ya nyuma. Kujua ni saa ngapi uzime, huo pia ni ujuzi.

Sasa kuja hapa kwetu. Serikali ilipoondoa ushuru kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, steji zilijaa. Ulaya ilianza kulazimisha ABS kwa modeli mpya za zaidi ya 125cc mwaka wa 2016. India, kwenye Boxer hutoka, ikafuata 2018. Lakini ile Boxer ya kawaida ya steji yako? Breki ni drum, mbele na nyuma. Sensa hakuna.

Na mwenye kuiendesha alifunzwa na beshte yake siku mbili kwa uwanja, na somo la kwanza lilikuwa: "Usiguse breki ya mbele, itakurusha." Na ukishika breki, uzito mwingi unaenda mbele, kwa hivyo hiyo ya mbele ndiyo inasimamisha nduthi zaidi. Gari ikimkatia ghafla, anakanyaga ya mguu pekee, tairi inajam, yeye na abiria wako chini.

Kwa hivyo tuache kulia ati kompyuta imeiba ujuzi. Mtu wa boda hajapewa kompyuta, na ujuzi pia hakuna mtu alimpea. Yeye ndiye anakaa barabarani kutoka asubuhi hadi usiku, na sisi ndio tunakaa nyuma yake. Mwenye nduthi ya weekend anaweza kubishana kama ABS ni ya wavivu. Huyu wa steji anahitaji zote mbili, breki yenye akili na mtu wa kumfunza vile ya mbele hushikwa.